Kuhariri Jeni za Kima kwa Ajili ya Kuchunguza Magonjwa ya Binadamu: Maswali na Majibu

Mara kwa mara husikika habari kwamba kima fulani amezaliwa maabara akiwa amebadilishwa jeni, na maswali yanayofuata ni yale yale: amebadilishwa kwa ajili gani, anaumia, na sisi tunapata nini? Majibu haya yameandikwa kwa msomaji asiye mtaalamu wa baiolojia, hasa yule mwenye mgonjwa nyumbani, kwa kuwa wenye wagonjwa ndio wanaopewa matumaini makubwa kuliko yanayostahili.

Kuhariri jeni ni kufanya nini hasa?

Jeni ni sehemu ya DNA iliyobeba maelekezo ya kutengeneza protini fulani mwilini. Maelekezo hayo yakikosewa hata herufi moja, protini inaweza kukosekana, kupungua au kufanya kazi isiyo yake, na hapo ndipo magonjwa mengi ya kurithi yanapoanzia. Kuhariri jeni ni kwenda mahali mahususi katika DNA na kubadilisha maandishi yaliyopo, ama kwa kuyaharibu makusudi ili jeni isifanye kazi, ama kwa kuyasahihisha.

Mbinu inayotumika zaidi leo inaitwa CRISPR, na hutamkwa krispa. Asili yake ni bakteria, ambao huitumia kujikinga na virusi. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha mwaka 2012 kwamba inaweza kuelekezwa kukata DNA mahali mtafiti anapotaka, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ina sehemu mbili: kipande cha RNA (molekuli inayofanana na DNA) kinachotambua mahali pa kwenda, na kimeng'enya, yaani protini ya kazi maalumu, kinachokata kikifika. Zipo pia mbinu mpya zaidi ambazo hubadilisha herufi moja kuwa nyingine bila kuikata DNA pande zote mbili.

Mnyama anayezungumziwa ni nyani, kima au sokwe?

Mara nyingi ni kima. Magazeti yetu yana mazoea ya kuwaita wote nyani, lakini nyani ni yule mkubwa mwenye pua ndefu anayevamia mashamba ya mahindi, na sokwe ni jamaa mwingine kabisa, asiye na mkia, aliye karibu zaidi na binadamu. Wanyama wanaotumika zaidi katika utafiti huu ni kima wa resusi na kima wa mkia mrefu, wote asili yao ikiwa Asia, pamoja na marmoseti, kima wadogo sana kutoka Amerika ya Kusini. Sokwe hawamo. Umoja wa Ulaya uliwawekea zuio kali katika sheria ya mwaka 2010, na mwaka 2015 taasisi kuu ya utafiti wa afya ya serikali ya Marekani ilitangaza kuacha kugharimia majaribio ya kitabibu juu yao.

Kwa nini panya hawatoshi?

Kwa magonjwa mengi panya wanatosha, na ni vizuri hilo lisemwe mwanzo. Panya wa maabara huzaa baada ya wiki tatu hivi, huzaa watoto wengi kwa mkupuo, na kizazi chao hukua haraka. Kima wa resusi hubeba mimba kwa miezi mitano na nusu, kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hukomaa baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mtafiti anayemchagua kima anachagua kusubiri na kugharimika, kwa hiyo anapaswa kuwa na sababu ambayo panya hawezi kuitimiza.

Sababu za namna hiyo zipo. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kupanga mambo, kujizuia na kusoma nia za wenzetu, haina kwa panya muundo iliyo nao kwa binadamu na kima. Jicho la panya halina makula, yaani kile kidoa cha katikati ya retina tunachokitumia kusoma na kutambua nyuso, na ugonjwa unaoharibu kidoa hicho hauwezi kuigwa vizuri kwa mnyama asiyekuwa nacho. Tena kuna suala la damu. Mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya aina yake, ambayo baada ya kuzaliwa hupungua na nafasi yake kuchukuliwa na himoglobini ya utu uzima. Kima na nyani wanapitia badiliko linalofanana na letu, ilhali panya wa kawaida hawana himoglobini kama hiyo ya kijusi. Suala hili la damu tutalirudia, kwa kuwa linagusa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu.

Kima aliyehaririwa jeni hupatikanaje?

Yai la kima hurutubishwa nje ya mwili, na likiwa bado seli moja hudungwa vifaa vya kuhariri kwa sindano nyembamba mno. Kiinitete kinachokua hupandikizwa katika mji wa mimba wa jike mwingine, kisha hungojwa.

Safari ilianza kabla ya CRISPR. Kima wa kwanza kuingizwa jeni ya kiumbe kingine alizaliwa Oregon, Marekani, mwaka 2000, akapewa jina la ANDi. Jeni yenyewe ilitoka kwa konyeza, mnyama laini wa baharini, haikuwa na faida yoyote ya kitabibu, na ilitumika tu kuthibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba marmoseti walioingizwa jeni wanaweza kuirithisha kwa watoto wao. Kisha mwaka 2014 watafiti wa China wakachapisha taarifa ya Mingming na Lingling, kima pacha wa kwanza waliohaririwa kwa CRISPR kabla ya kuzaliwa. Ili kuwapata, viinitete zaidi ya 80 viliwekwa kwa majike karibu 30, na waliopata mimba walikuwa wachache kati yao.

Tatizo lililojitokeza mapema ni kwamba vifaa vya kuhariri haviachi kazi seli ya kwanza inapogawanyika. Seli moja huhaririwa hivi, jirani yake vingine, na nyingine hubaki kama ilivyokuwa, hivyo mtoto huzaliwa akiwa kama ukili uliosukwa kwa chane za rangi tofauti: ini lake linaweza kuwa na badiliko lililokusudiwa huku sehemu kubwa ya ubongo haina. Mnyama wa namna hiyo akionyesha dalili, huwezi kusema kwa uhakika zimetokana na nini; asipoonyesha, pia huwezi.

Watafiti wa Shanghai walijaribu kulikwepa tatizo hilo kwa kunakili, yaani kutengeneza kloni. Mwaka 2018 walitangaza kuzaliwa kwa Zhong Zhong na Hua Hua, kima wa kwanza walionakiliwa kwa njia ile iliyomleta kondoo Dolly. Mwaka uliofuata walichukua seli za kima aliyekuwa tayari amezimwa jeni iitwayo BMAL1, inayosaidia kuongoza saa ya mwili ya usingizi na kuamka, wakazitumia kutengeneza viinitete. Viinitete 325 viliwekwa kwa majike 65, na waliozaliwa hai ni watoto watano, wote wakiwa na badiliko moja mwilini mzima. Kisayansi ni mafanikio. Hata hivyo, nadhani msomaji ana haki ya kuziona hesabu hizo zote mbili pamoja, ya watano na ya 325.

Ni magonjwa gani yamechunguzwa kwa njia hii?

Mengi ni ya ubongo. Mwaka 2008, huko Atlanta, walizaliwa kima wa resusi waliobeba jeni ya binadamu inayosababisha ugonjwa wa Huntington, ambao huharibu mwendo na akili polepole. Baadhi yao walikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Mwaka 2019 watafiti wa China na Marekani walieleza kima wa mkia mrefu walioharibiwa jeni ya SHANK3, ambayo kwa binadamu inahusishwa na aina mojawapo ya usonji. Kima hao walilala vibaya, walirudiarudia matendo yale yale na walichangamana kidogo na wenzao. Upungufu wa kinga wa kurithi nao umeigwa kwa marmoseti.

Hapa inafaa kuwa mwangalifu na lugha. Kima anayerudiarudia matendo hana usonji. Ana badiliko la jeni linalofanana na la baadhi ya watu wenye usonji, na tabia zinazofanana na baadhi ya tabia zao. Usonji una sura nyingi, na kwa watu wengi hautokani na jeni moja. Anayesoma kwamba usonji umetengenezwa maabara asome tena.

Je, hiyo ndiyo njia inayotumika kutafuta tiba?

Hapana, na kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakozaa hofu kubwa na matumaini yasiyo na msingi. Kumtengeneza kima mgonjwa tangu akiwa kiinitete ni jambo moja. Kumpa kima mzima mwenye afya dawa inayohariri jeni katika kiungo kimoja tu, ili kuona kama dawa inafika na kama inadhuru, ni jambo lingine. Njia ya kwanza ndiyo inayopata vichwa vikubwa vya habari; ya pili, ambayo haina picha za kuvutia, ndiyo ambayo kwa maoni yangu imewafaa wagonjwa zaidi mpaka sasa.

Mfano mzuri ni jeni ya PCSK9. Hufanya kazi hasa kwenye ini, na protini yake hupunguza vipokezi ambavyo kazi yake ni kuondoa lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu. Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba jeni hiyo ikizidisha kasi, mtu hupata lehemu nyingi mno na huweza kuugua moyo mapema. Baadaye wakapatikana watu ambao kwao imezimika kwa kuzaliwa, wakiwemo Wamarekani weusi wa Dallas na wanawake waliopimwa Zimbabwe: lehemu yao ilikuwa chini, na kasoro hiyo haikuonekana kuwadhuru. Kwa hiyo maumbile yalikuwa yamekwisha kufanya jaribio kabla ya maabara. Swali lililobaki lilikuwa kama jeni hiyo inaweza kuzimwa kwa mtu mzima. Mwaka 2021 ilichapishwa taarifa kwamba kima wa mkia mrefu waliotiwa dripu mara moja tu, dawa ikiwa imefungwa ndani ya chembechembe za mafuta zinazokimbilia ini, walipungukiwa na protini hiyo kwa takriban asilimia 90 na lehemu mbaya kwa takriban asilimia 60, na hali hiyo ikadumu kwa miezi minane au zaidi. Mgonjwa wa kwanza alipewa dawa hiyo huko New Zealand mwaka 2022.

Kima akipona au asipodhurika, binadamu naye atakuwa salama?

Si lazima. Majaribio ya toleo la kwanza la dawa hiyo ya lehemu yalisimamishwa kuandikisha wagonjwa mwaka 2024, baada ya vipimo vya mshiriki mmoja kuonyesha vimeng'enya vya ini vimepanda na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka. Watengenezaji walizishuku chembechembe za mafuta zilizobeba dawa, wakaendelea na toleo lenye kifungashio tofauti. Mfano mzito zaidi hauhusu jeni. Mwaka 2006, jijini London, wanaume sita wenye afya walipewa dawa ya kinga iitwayo TGN1412, kwa kipimo kilicho kidogo mara 500 kuliko kile ambacho kima walikivumilia, na wote sita walilazwa mahututi. Seli fulani za kinga za kima hazikuwa na kipokezi ambacho dawa hiyo ilikitumia kwa binadamu. Kima hupunguza mashaka, hayaondoi, na ndiyo maana majaribio kwa binadamu huanza na watu wachache na dozi ndogo.

Selimundu inaingiaje katika habari hizi?

Inaingia kwa mlango wa ile himoglobini ya kijusi. Mtu mwenye selimundu ambaye mwili wake unaendelea kuitengeneza kwa wingi huumwa kidogo, kwa kuwa himoglobini hiyo huzuia chembe nyekundu zisijikunje kama mundu. Mwaka 1982 watafiti wa Chicago walionyesha kwamba dawa moja iliweza kuiamsha upya himoglobini hiyo kwa nyani waliopunguziwa damu. Dawa ile ilikuwa kali mno kutumika kwa muda mrefu, lakini wazo lilibaki, na mwaka 1984 haidroksiyurea ikaonyesha matokeo yanayofanana kwa kima na kwa wagonjwa. Marekani iliiidhinisha kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Kisha ikaja kwetu: watoto zaidi ya 600 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale walipewa dawa hiyo katika utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, na ikaonekana kwamba vipindi vya maumivu, kuongezwa damu, malaria na vifo vilipungua.

Kuhariri jeni kumefuata njia ile ile. Mwilini kuna jeni iitwayo BCL11A inayofanya kazi kama breki ya himoglobini ya kijusi. Katika tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe hutolewa, breki hiyo hulegezwa kwa CRISPR ndani ya seli za damu, kisha seli hurudishwa baada ya uboho wa mgonjwa kusafishwa kwa dawa kali za aina ya kemotherapi. Watafiti wa Seattle walifanya jambo linalofanana kwa kima, wakathibitisha kwamba seli zilizohaririwa huota tena kwenye uboho na kuendelea kutoa himoglobini ya kijusi kwa zaidi ya mwaka. Hakuna hata mmoja kati ya kima hao aliyekuwa na selimundu. Hawakuhitajika kuwa nayo, kwa kuwa swali lilikuwa la uhai wa seli na si la ugonjwa.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, mbali na wiki nyingi za kulazwa na hatari ya kupoteza uwezo wa kuzaa kutokana na zile dawa za kusafisha uboho.

Ikiwa viinitete vya kima huhaririwa, kwa nini vya binadamu visihaririwe?

Kwa sababu kosa lililofanywa kwenye kiinitete huingia katika mwili mzima na hurithiwa na vizazi ambavyo havikuulizwa. Kasoro ya chane za rangi tofauti haijaisha, na kimeng'enya huweza kukata mahali pasipokusudiwa. Mwaka 2018 mwanasayansi wa China He Jiankui alitangaza kuzaliwa kwa watoto pacha aliowahariri wakiwa viinitete. Alilaaniwa na wanasayansi wenzake duniani kote, na mwaka 2019 mahakama ya nchi yake ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu.

Wanyama wenyewe wanafikiriwa?

Wanafikiriwa, ingawa si sawa kila mahali. Msingi unaotumika uliwekwa na Waingereza William Russell na Rex Burch mwaka 1959: tafuta njia isiyohitaji mnyama, ukikosa, tumia wanyama wachache iwezekanavyo, na wale unaowatumia, wapunguzie maumivu. Kima ni mnyama wa kuishi kwa makundi, anayetambua jamaa zake na kuhuzunika, na zile sifa zinazomfanya awe kielelezo kizuri cha ubongo wetu ndizo zinazofanya kumuumiza kuwe jambo zito. Kima waliozimwa jeni ya BMAL1 walionyesha wasiwasi na dalili zinazofanana na sonona, na hayo ndiyo yaliyokusudiwa. Kwa ugonjwa usio na tiba wala njia nyingine ya kuuchunguza, ninaweza kuielewa hoja ya watafiti. Siielewi kwa kazi kama ile ya Kunming ya mwaka 2019, ambapo kima waliingizwa jeni ya binadamu ya ukuaji wa ubongo, MCPH1, ili kuchunguza jinsi ubongo wetu ulivyokuja kuwa tofauti, bila mgonjwa yeyote kungojea jibu.

Upo pia upande wa pori. Kima wa mkia mrefu, anayetumika sana na viwanda vya dawa, aliorodheshwa mwaka 2022 kuwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka.

Je, kima aliyehaririwa anaweza kutuambukiza badiliko lake?

Hapana. Badiliko la jeni hurithiwa, haliambukizwi kwa kugusana au kuumwa. Wafanyakazi wa maabara huvaa vifaa vya kinga kwa sababu ya vijidudu ambavyo kima wote wanaweza kubeba, waliohaririwa na wasiohaririwa.

Utafiti wa wanyama wa aina hii unafanyika Afrika Mashariki?

Nairobi, katika eneo la Karen kando ya msitu wa Oloolua, ipo taasisi ya utafiti wa primati (jamii ya kima, nyani na sokwe) iliyoanzishwa na Louis Leakey. Imejulikana hasa kwa kazi iliyofanywa juu ya nyani kuhusu kichocho na ugonjwa wa endometriosisi (tishu kama ya ndani ya mji wa mimba kuota nje yake), ambao nyani hupata kwa asili kwa kuwa huona hedhi kama wanawake. Hakuna haja ya kuwahariri ili waugue.

Mwenye mgonjwa wa selimundu afanye nini kwa sasa?

Asiache haidroksiyurea kwa kungojea tiba ya jeni. Dawa hiyo hutolewa kwa kufuatiliwa vipimo vya damu, kwa hiyo mgonjwa aandikishwe kliniki na ahudhurie hata akiwa hana maumivu; mwanamke mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, azungumze na daktari kuhusu dawa hiyo mapema. Mtoto mdogo anahitaji penisilini ya kinga, chanjo zote, chandarua na kinga ya malaria kama daktari atakavyoelekeza. Homa kwa mtoto mwenye selimundu ni dharura ya kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Na akitokea mtu anayeuza tiba ya jeni kwa chupa au vidonge, mnunuzi ajue kwamba seli zinazohaririwa kwa selimundu ni za mgonjwa mwenyewe, hutolewa kwenye damu yake kwa mashine, huhaririwa maabara, na kurudishwa mwilini mwake wodini.